Siri ya Mtungi

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilikuwa msomaji wa barua wa mtaa wetu, hapa Mji Mkongwe. Mlango wa tatu kutoka kwetu akikaa bibi mmoja ambaye msahafu aliusoma bila ya kukwama, na barua za khati ya Kiarabu aliziandika mwenyewe; lakini herufi za Kirumi kwake zilikuwa nyayo za kuku mchangani. Binti yake alikuwa amehamia Maskati, na binti huyo, kwa kuwa alisoma skuli, aliandika kwa herufi hizo hizo. Kila barua ilipoingia, nikiitwa. Nikikalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mlango ukirudishwa, na kazi ikianza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na barua za ng'ambo aghalabu zilitufikia zimekwisha kufunguliwa na kugandishwa upya. Bibi akiigeuza bahasha, akiupitisha ukucha juu ya ile gundi ngeni, kisha akisema: "Wenyewe wameshasoma. Haya, tusomee na sisi." Juu ya hao hakuwa na uwezo. Uwezo alikuwa nao juu yangu mimi, na siku ya kwanza alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, haya ni amana. Yatoke kinywani mwako, yaingie sikioni mwangu, yaishie hapo." Nikaapa, na kiapo nikakitimiza. Hata mama yangu mzazi hakupata kujua neno moja.

Mwaka 2019 yule binti, ambaye sasa ni mtu wa zaidi ya miaka sabini na mimi humwita Bi Mkubwa, alinipigia simu kutoka Maskati. Alikuwa ametunga utenzi wa maisha yake. Wajukuu zake wamekulia Uingereza. Kiswahili chao ni cha salamu na majina ya vyakula. Alitaka niufasiri kwa Kiingereza ili wausome siku ambayo yeye hayupo. Yaliyomo sitayasema. Itoshe kuwa mna majina ya watu, na baadhi yao wangali hai.

Mjukuu mmoja alitufungulia sote wawili anwani katika huduma ya baruapepe ya siri, ile ya Uswisi iitwayo Proton Mail, iliyoanzishwa mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana katika maabara ya CERN karibu na Geneva. "Huku hasomi mtu," kijana akatuhakikishia. Mimi sikupata kusoma chuo. Kiingereza nilikiokota kwenye kamusi na redioni, neno moja baada ya jingine. Kwa njia hiyo hiyo nikajitia kuichunguza ahadi ya yule kijana.

Kwa mshairi jambo lenyewe si geni, kwani ni ufundi wa fumbo. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP, iliyompa mtu wa kawaida fumbo ambalo hapo kabla lilikuwa la majeshi na serikali. Kila mtu huwa na kufuli na ufunguo. Kufuli humgawia yeyote, likiwa wazi. Ufunguo hubaki nao peke yake. Anayeniandikia hulifunga sanduku kwa kufuli langu, na likishafungwa hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Serikali ya Marekani ilimchunguza Zimmermann kwa miaka mitatu, kana kwamba amesafirisha silaha nje ya nchi, mpaka ilipoiacha kesi hiyo mwaka 1996. Nilipoyasoma hayo nilijua kuwa kufuli hilo si la mchezo.

Lakini wahenga wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Swali la kumwuliza kila anayetuuzia huduma hizi ni moja: je, kata unayo?

Hushmail ya Kanada ilijinadi kwa usiri, na wateja wake waliamini kuwa hakuna awezaye kuchungulia. Mwaka 2007 ilibainika kuwa, kwa amri ya mahakama ya Kanada iliyotokana na maombi ya Marekani, imetoa barua za baadhi ya wateja zikiwa wazi kabisa. Kwa wepesi wa matumizi, kazi ya kufunga na kufungua ilifanyika kwenye mitambo ya kampuni, na neno la siri la mteja likipita humo. Kata ilikuwamo mtungini siku zote. Ilingoja mwenye amri ya kuishika.

Mwaka 2013 zamu ikawa ya Lavabit, huduma ndogo ya huko Texas, ambayo Edward Snowden alikuwa mteja wake. Mahakama ilimtaka mwenyewe, Ladar Levison, autoe ufunguo wa mtambo mzima, ambao ungefungua mawasiliano ya wateja wote, si ya mtu mmoja. Alitoa kwanza karatasi kumi na moja, ufunguo umechapwa kwa herufi ndogo mno zisizosomeka. Hakimu akamtoza faini ya dola 5,000 kwa siku. Mwishowe aliutoa, na siku hiyo hiyo, tarehe 8 Agosti, akaifunga huduma yake.

Na hii yetu ya Uswisi? Mwaka 2021 polisi wa Ufaransa walikuwa wakimtafuta mwanaharakati wa mazingira. Ombi lao lilipitia Europol likafika kwa wakuu wa Uswisi, nao wakaiamuru kampuni iiandike namba ya mtandao ambayo mtu huyo alikuwa akiingilia. Sheria ya nchi haikuipa kampuni nafasi ya kukataa, ikaandika na ikatoa. Baadaye ikabadilisha maneno ya ahadi iliyokuwa kwenye tovuti yake. Barua zenyewe hazikusomwa, kwa sababu ufunguo wake kampuni haina.

Hapo nikapata kipimo changu. Mtu akiniambia "sitachungulia", nimejua tabia yake ya leo. Kesho ana hakimu, ana serikali, ana njaa. Akiniambia "siwezi kuchungulia", na wajuzi wakaikagua programu yake wakaliona hilo, hapo naweza kulala. Lakini nilale nikikumbuka kuwa lililofungwa ni tumbo la barua tu. Juu ya bahasha huonekana nani kamwandikia nani na saa ngapi; na katika huduma hii hata mstari wa kichwa cha barua haufungwi kwa ufunguo wangu. Bi Mkubwa alikuwa na ada ya kuitia habari yote katika mstari huo, majina na mwaka, kisha ndani akaandika "soma hapo juu". Ilinichukua wiki kumshawishi aandike "Salamu" tu. Na ukimwandikia mtu wa baruapepe za kawaida bila ya kumwekea neno la siri, umempelekea kadi ya posta, japo wewe umeiandikia ndani ya ngome.

Nilikuwa hodari wa mambo hayo, msomaji mpenzi. Nikiyahutubia barazani mpaka kahawa ikapoa.

Mwaka 2022 macho yalianza kunichosha, nikataka sehemu ya nne ya utenzi niione kwenye karatasi. Mashine ya kuchapia sina. Nikenda duka la fotokopi, nikafungua barua kwenye kompyuta yao, nikachapa kurasa tisa, nikalipa, nikaondoka. Anwani yangu niliifunga vyema. Nakala iliyoshuka kwenye ile kompyuta sikuikumbuka. Haikupita wiki mbili, beti zile zilikuwa zikitembea kwenye simu za watu, na zikamfikia mwenyewe Maskati, zimetumwa na mtu wa ukoo wa mmoja wa waliotajwa.

Alinipigia alfajiri. Nikamwamkia: "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akaitikia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, nami nikawa nasikia pangaboi lake likizunguka. Halafu akasema: "Mama akinambia, huyu mtoto ana kifua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili ukaweza. Leo una mvi, umeshindwa?"

Sikuwa na la kujibu. Mahakama haikuniamuru, na faini sikutozwa. Kufuli la Uswisi lilifanya kazi yake mpaka mlangoni pangu, na kata iliyochota nilikuwa mimi.

Kwa miezi minane hakuniandikia. Kisha usiku mmoja wa Ramadhani ikaja barua, kichwa chake "Salamu", na ndani yake sehemu ya tano, bila ya neno jingine lolote. Nimeifasiri nikiwa nyumbani, kwa kalamu, mlango nimeurudisha. Sehemu ya sita, ambayo aliwahi kunambia kuwa ndiyo aliyoanza kuitunga kabla ya zote, mpaka leo hajaileta, nami sijathubutu kuiuliza.