Kuingia ni Rahisi, Kutoka Ndiyo Kazi



Nianze kwa kukiri kosa. Likizo ndefu iliyopita nilipelekwa Bungu, wilayani Kibiti, kwa kazi za kichungaji: kuwafundisha watoto wa Kipaimara, kusali na jumuiya, kutembelea wagonjwa. Hayo niliyafanya. Lakini kuna Jumamosi moja nilimwacha mzee mgonjwa akinisubiri kwa sababu ya mchezo wa bunduki wa kwenye simu.

Bungu wengi wenu mmeipita mkiwa ndani ya basi. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini unaacha Mbagala, unapita Mkuranga na Kimanzichana, ndipo unafika. Ukiendelea unakuta Kibiti, Ikwiriri na Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Ni mji mdogo wa barabarani, wenye minazi na mikorosho, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Karibu na nyumba niliyofikia palikuwa na kibanda cha kuchaji simu, chenye benchi moja mbele yake. Jioni vijana watano au sita walikaa hapo, Wakristo na Waislamu pamoja, kila mmoja kainamia simu yake. Nilikwenda kuwatafuta wawili niliosikia wanaimba vizuri, ili waingie kwaya. Wakanisogezea nafasi kwenye benchi. "Frateri, kaa kwanza tukufundishe."

Nilidhani ni ule mchezo ninaoujua, ambapo watu mia wanatupwa kisiwani na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Wakacheka. Huu ni mwingine, uko ndani ya PUBG Mobile na unaitwa Metro Royale. Ulianza mwaka 2020, ukichukua mazingira yake kutoka katika mchezo wa Metro Exodus, ambao nao umetokana na riwaya za Mrusi Dmitry Glukhovsky kuhusu watu wanaoishi kwenye mahandaki ya treni ya Moscow baada ya vita vya nyuklia. Namna hii ya kucheza haikuanzia hapo. Wengi waliijua kupitia mchezo wa kompyuta wa Warusi, Escape from Tarkov, ulioingia hatua ya majaribio ya beta mwaka 2017. Siku hizi iko katika michezo mingi, hata ya simu, kama Arena Breakout.

Kanuni yake ni hii. Kila mchezaji ana ghala lake. Humo mna bunduki, risasi, fulana za kuzuia risasi, dawa na mabegi, vitu alivyookota au kununua kwa fedha za mchezo. Kabla ya kuingia uwanjani anachagua atakachobeba. Akiingia anakuta askari wanaoendeshwa na kompyuta, na anakuta pia watu halisi waliokaa mbele ya simu zao kama yeye. Kazi ni kutafuta mali: kufungua makasha, kupekua vyumba, kuchukua vya waliokufa. Halafu anatakiwa kutoka. Kwenye ramani kuna sehemu za kutokea, na ukifika huna budi kusimama ukihesabiwa sekunde. Ukitoka salama, vyote ulivyobeba vinakuwa vyako na vinaingia ghalani. Ukiuawa kabla, unapoteza ulivyookota na hata ulivyoingia navyo. Aliyekuua anavichukua.

Kwa hiyo hakuna mshindi mmoja. Unaweza kutoka bila kufyatua risasi hata moja, ukahesabika umefanya vizuri. Unaweza pia kuua watu watano, begi likajaa, ukafia hatua kumi kabla ya mlango, ukawa huna kitu. Kijana aliyenifundisha, mtoto wa katekista, aliniambia: "Frateri, usihesabu mali ukiwa ndani. Hesabu ukishatoka."

Yapo mambo mawili niliyoyaona siku za mwanzo. La kwanza ni hofu. Nilipopata bunduki nzuri niliiweka ghalani na sikuitoa tena. Niliingia na bastola ya bei rahisi, nikafa, nikaingia tena na bastola, nikafa tena, na bunduki nzuri imetulia. Vijana walinicheka. Wachezaji wa dunia nzima wanaijua hofu hiyo: mtu ana ghala limejaa silaha ambazo hajawahi kuzitumia kwa kuogopa kuzipoteza. Nikamkumbuka mtumwa wa tatu katika Mathayo 25, yule aliyeifukia talanta ardhini. Hakuiba. Aliirudisha nzima. Kosa lake ni kwamba aliiogopea.

Na ghala lenyewe si la kudumu. Katika Tarkov, kwa miaka mingi, waendeshaji walikuwa wakifuta kila kitu baada ya miezi kadhaa: maghala ya wachezaji wote yanarudi mwanzo siku moja, ya aliyejaza na ya maskini. Msomaji wa Luka 12 atamkumbuka tajiri aliyepanga kuvunja ghala lake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule akaitwa.

La pili ni tamaa ya dakika za mwisho. Begi limejaa, njia ya kutokea iko karibu, muda unakwisha, na pembeni kuna nyumba moja ambayo haijapekuliwa. Akili inasema toka. Mkono unakwenda kwenye ile nyumba. Mara nyingi nilizokufa, nilifia humo. Waliotengeneza mchezo wanalijua hilo, ndiyo maana mali nzuri huwekwa pale penye hatari na sekunde za kutokea zinahesabiwa taratibu. Hofu na tamaa vinavutana mle ndani, na mvutano huo ndio utamu wa mchezo.

Sasa ile Jumamosi. Nilikuwa nimemwahidi mzee mmoja, mgonjwa wa muda mrefu, kwamba saa kumi jioni nitafika tusali rozari. Nyumba yake iko nyuma ya kibanda kile, kama mita thelathini. Saa tisa na nusu nilipita kwenye benchi, nikaombwa kucheza mara moja tu kwa kuwa kikosi kimepungukiwa mtu. Tuliingia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliitoa ghalani ile bunduki nzuri. Tukaokota mali nyingi, tukatoka salama. Ilikuwa saa kumi kasoro kidogo. Ningeinuka hapo, nisingekuwa na kosa la kuwaandikia. Lakini tulikuwa tumeshinda, na mtu aliyeshinda anaona muda ni mali yake. Tukaingia tena. Tukafa. Tukaingia kurudisha tulichopoteza. Mtu mmoja akaongeza sauti ya simu ili sote tusikie nyayo za maadui. Mtu huyo ni mimi.

Nilifika kwa mzee saa kumi na moja na nusu. Bibi alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchicha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Frateri. Karibu. Mwenzio amelala sasa."

Niliomba radhi, nikasema nilichelewa kidogo. Hakunisema vibaya. Aliendelea na mboga yake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Alikusubiri. Halafu akasikia zile risasi za kwenye simu zenu. Akaniuliza kama zimeanza tena. Nikamwambia ni watoto wanacheza. Hakuniamini mpaka nilipofunga mlango."

Msomaji wa mbali huenda asielewe neno hilo, zimeanza tena. Aliyekaa Kibiti analielewa. Kati ya mwaka 2015 na 2017 ukanda huu wa Mkuranga, Kibiti na Rufiji ulikuwa na mauaji ya kuvizia. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa kwa risasi, wengine nyumbani kwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja wilayani Kibiti. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Wakati huo mimi nilikuwa shule ya sekondari, mkoa mwingine, nikiyasikia hayo redioni kama habari. Mzee wangu aliyasikia ukutani mwake. Nami, niliyetumwa kumpelekea faraja, nilimrudishia hofu ile kwa spika ya simu.

Kesho yake, baada ya ibada, nilirudi. Alikuwa macho. Nilimweleza yote bila kupunguza: benchi, mchezo, sauti niliyoongeza. Alinisikiliza, kisha akataka kujua unachezwaje. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akauliza, "Na huyo aliyekufa, anafanywaje?"

"Anarudi mwanzo, babu. Anaanza upya."

Akanyamaza kidogo. "Wenzetu hawakuanza upya," akasema. Kisha akaniomba rozari yake iliyotundikwa kwenye msumari, tukasali.

Sentensi ile sijaiacha Bungu, nimerudi nayo seminarini. Mchezo una adhabu kali kuliko michezo mingine, na ndiyo maana unapendwa: unapoteza kitu kweli, moyo unadunda kweli. Lakini kinachopotea ni fulana na bunduki za picha. Jumamosi ile nilidhani nimehatarisha begi, kumbe nilichokihatarisha ni imani ya mzee mgonjwa kwamba Frateri akisema saa kumi, anafika saa kumi. Hiyo haina ghala, wala haianzi upya kwa kubonyeza kioo.

Sikwenda kibandani kuwahubiria vijana kwamba mchezo ni dhambi. Sijui kama ningeweza kusema hivyo huku nikiwa nimecheza nao wiki tatu. Niliwaeleza tu alichouliza mzee. Walinyamaza wote. Wawili walikuwa wadogo mno mwaka 2017, hawakumbuki chochote. Mtoto wa katekista alikumbuka kwamba walilala bila kuwasha taa, na kwamba baba yake aliwakataza kucheka kwa sauti baada ya magharibi. Yeye ndiye aliyesema kuanzia leo sauti zizimwe, na mwenye kutaka kusikia nyayo atafute spika za masikioni. Kijana mmoja Mwislamu akaongeza kwamba kijiwe kihamie upande wa barabara, mbali na kwa mzee. Kesho yake benchi likahamishwa. Hakuna aliyewaagiza.

Kuhusu mimi, nilibadilisha kitu kimoja tu. Jumamosi zilizobaki nilimwachia mke wa katekista simu yangu kuanzia saa nane, nikafika kwa mzee kabla ya saa kumi. Mara nyingine nilikuta amelala, nikakaa mlangoni na bibi tukachambua mboga.

Nimefikiri sana ile hofu ya kutumia bunduki nzuri. Mwaka wote wa masomo nilikuwa nimejilinda. Falsafa nimeitunza, sauti nimeitunza, nafasi yangu hapa nimeitunza, nisije nikakosea mbele ya watu. Nilikwenda Bungu na kile cha bei rahisi, salamu na mahubiri mafupi, na kilicho chema zaidi nikakiacha ghalani. Mzee hakuhitaji mahubiri. Alihitaji saa moja yangu, na niliiogopa ile saa, kwa sababu kukaa na mgonjwa asiyepona ni mahali ambapo huna la kuokota. Benchi lilikuwa rahisi zaidi. Huo ndio ukweli kuhusu kuchelewa kwangu, na niliuona baada ya wiki kadhaa.

Ndugu zangu mtakaotumwa likizo hii, mtakuta vijana wanacheza michezo hii kila mahali, na wengine mnaicheza wenyewe. Kaeni nao. Wanajua mambo ya hofu na tamaa ambayo sisi tunayasoma vitabuni. Lakini saa uliyoahidi ikifika, inuka, hata kama begi limejaa na nyumba ya mwisho haijapekuliwa. Na kabla hujaongeza sauti, uliza nani analala nyuma ya ukuta.

Mniombee. Mumwombee na mzee wangu wa Bungu.