Mayo ya Papa

Katika vijitabu kama hiki watu wanaandika juu ya ngoma, ndoa na ng'ombe za mahari. Mimi nimechagua mayo, yaani jezi ya mpira, na najua wazee fulani watacheka. Lakini nyumbani kwetu Kadutu hakuna nguo iliyotunzwa kama ile. Hata suti ya harusi haikuifikia.

Mwezi wa Machi 1974 Zaire ilichukua Kombe la Afrika huko Cairo. Fainali na Zambia iliisha 2-2, wakarudia siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne alifunga Ndaye Mulamba, na katika mashindano yale yote alifunga 9. Mwezi wa Juni wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, wakiwa na mayo ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani. Huko walishindwa mechi zote tatu, na Yugoslavia peke yake iliwafunga 9. Hiyo Papa hakupenda kuisikia. "Sisi tunahesabu ile 9 ya Ndaye," alikuwa anasema.

Ya kwake alishonewa na fundi mmoja wa hapa Kadutu, ya pamba, chui amekatwa katika kitambaa cha manjano na madoa yake yametiwa kwa uzi mweusi. Aliivaa siku za mechi kubwa tu. Aliifua mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, yeye mwenyewe, maana Mama hakuruhusiwa. Maji baridi ndani ya beseni, sabuni kidogo, mayo imegeuzwa ndani nje. Hakuikamua, aliibonyeza tu ndani ya taulo, halafu akaitandika kivulini, kwa sababu jua linakula rangi na kamba inavuta mabega. "Mayo haipigwaka pasi, mwana." Kisha aliikunja ndani ya kitenge cha zamani na kuiweka sandukuni. Mfuko wa plastiki alikataa kabisa. Bukavu mvua inanyesha karibu miezi tisa, na nguo iliyofungwa ndani ya plastiki inaota kuvu.

Mwanzoni mwa Juni 2004, waasi walipouchukua mji, tulikimbia usiku. Mama alibeba diplomu zetu. Papa tulimwona anene ghafula: alikuwa amevaa mayo chini ya pulova mbili.

Alifariki mwaka 2011. Siku ya kugawa vitu vyake baba zangu wadogo waligombana sana. Mmoja alisema ilibidi azikwe nayo, mwingine aliitaka. Mwishowe walinipa mimi: "Weye ni mwalimu, utaitunza."

Sikuitunza. Sanduku lilikuwa la chuma, na kutu ilikuwa imeacha alama ndogo karibu na sikio la chui. Ningeweza kuiacha. Badala yake nilichukua javeli, tone moja tu, mimi ninayefundisha watoto kusoma maelekezo kabla ya kujibu. Kutu ilibaki palepale, na kijani kikageuka cheupe, doa kubwa kama kucha ya kidole gumba. Shangazi alipoiona hakunigombeza. Alikaa kimya mpaka nikatamani anigombeze.

Fundi niliyempelekea alitaka kushona kiraka. Nilikataa, maana kijani kile hakipatikani tena sokoni, na sindano mpya katika pamba ya miaka ile inaweza kupasua. Nilibadilisha tu sanduku, sasa ni la mbao.

Kiangazi kilichopita nilikuwa naifua, kijana wangu akasimama mlangoni.

"Papa, naweza kuijaribu?"

Ilipokauka nilimvalisha mwenyewe, mkono mmoja mmoja. Mabega yalimtosha sawasawa. Alitaka kutoka nje aonyeshe wenzake. Nikamwambia dakika tano, na mpira asiuguse.