Nyegere wa Rungwe: Kutoka Tanzi hadi Mzinga wa Kuning'inia

Nyegere ni mnyama mfupi wa miguu na mpana wa mgongo, mwenye uzito wa kilo 7 hadi 14 hivi. Tumbo na miguu ni vyeusi. Mgongoni, kuanzia utosini hadi mkiani, amevaa joho la kijivu lenye weupe. Ni wa ukoo mmoja na kicheche na fisi-maji. Wilayani Rungwe hutembea zaidi usiku, pembezoni mwa msitu wa Mlima Rungwe, na kutoka humo hushuka kwenye mashamba ya migomba na viazi. Wengi waliozaliwa mjini Tukuyu na kuzeeka hapo hawajawahi kumwona akiwa hai. Wanamjua kwa anachokiacha: shimo lililofukuliwa kumtafuta panya, banda la kuku lililobomolewa, mzinga uliopasuliwa.

Sifa zake zimemtangulia. Husemwa kwamba dume lake lina wivu kupita viumbe vyote, na kwamba akifika mzingani huujambia hadi nyuki walewe. La wivu ni la vijiweni. La pili lina chembe ya kweli, kwa kuwa chini ya mkia ana tezi inayotoa harufu kali mno, ingawa kwamba harufu hiyo huwalaza nyuki halijathibitishwa. Sifa nyingine, ya ushujaa, imemgharimu zaidi, maana ngozi na kucha zake hutafutwa kwa dawa za kienyeji.

Ugomvi wake na wafugaji nyuki ni wa zamani. Katika kaya moja iliyopakana na msitu, miaka ya 1980, babu mwenye mji alikuwa na mizinga saba ya magogo, iliyolazwa kwenye panda za miti. Asubuhi moja ya masika wajukuu waliitwa kwenda kuona. Gogo lilikuwa chini, kifuniko kimeng'olewa. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa yameliwa yote, lakini vipande viwili vya asali safi vilibaki matopeni, siafu wakiwa wameshafika. Kwenye gome la mti kulikuwa na mikwaruzo, mitano mitano, mirefu kuliko ya paka yeyote. Babu hakusema mengi. Alichukua waya wa breki ya baiskeli akatega tanzi njiani. Siku ya tatu lilimnasa mbwa wa jirani, akafunguliwa akiwa anachechemea. Siku ya tisa likamnasa nyegere jike, naye akauawa kwa rungu. Haikuwa kazi ya haraka: ngozi ya mnyama huyu ni nene na imelegea kiasi kwamba aliyeshikwa shingoni huweza kugeuka ndani yake akamng'ata anayemshika.

Vile vipande vya asali vilivyoachwa vina maelezo yake. Anachokifuata nyegere mzingani hasa ni majana, yenye mafuta na protini. Asali ni nyongeza. Siku nyingi hali chochote cha mzingani: hula panya, nyoka, nge, mijusi na wadudu wa ardhini, wakiwamo wasumbufu wa shambani. Jambo ambalo babu hakulijua ni la uzazi. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, mara chache wawili, naye hukaa na mama kwa mwaka mmoja au zaidi akijifunza kuwinda. Jike mmoja akiuawa akiwa analea, mara nyingi mtoto naye hufa pangoni, na pengo hilo huchukua miaka kuzibika. Nyegere wanapatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara na hawahesabiwi kuwa hatarini kutoweka duniani, lakini kingo za msitu mmoja zinaweza kubaki bila hata mmoja.

Kisha mizinga ikashuka. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 iliyoifuata, zilikuja wakati wa msukumo mkubwa wa mizinga ya kisasa ya masanduku. Ni mizinga mizuri: hukaguliwa bila kuua kundi, na mwanamke au mzee anaweza kurina bila kupanda mti. Lakini sanduku lililowekwa juu ya kigoda cha miti, usawa wa kiuno, kwa nyegere ni chakula kilichopakuliwa. Si haki kumlaumu mnyama kwa hili.

Upande wa msitu nako mambo yalibadilika. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakisimulia habari za nyani mwenye haya aliyeitwa kipunji, na kwa kufuata masimulizi hayo watafiti walimkuta Mlima Rungwe mwaka 2003. Alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ambayo leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mwaka huo huo Sheria mpya ya Uhifadhi wa Wanyamapori ilipitishwa, inayofanya kuwinda bila kibali kuwa kosa. Tanzi halichagui, lililotegewa nyegere huweza kumnasa minde, yule paa adimu wa misitu ya milimani. Kwa hiyo kuulinda msitu wa kipunji na kukataza mitego kulimfaa na nyegere, ambaye hakuna aliyemtungia kampeni.

Ila katazo peke yake halimlindi mfugaji. Afrika Kusini, ambako wafugaji wengi walikiri kuwaua nyegere, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulianzishwa utaratibu wa kuitambulisha sokoni asali ya wasiowaua. Masharti yake ni ya kazi ya mikono: mzinga uinuliwe zaidi ya mita moja, ufungwe imara usipinduke, au uning'inizwe kwa waya katikati ya nguzo mbili, mbali na shina. Nyegere ni hodari wa kupanda na kufukua, lakini hawezi kuruka hadi kwenye kitu kinachobembea. Nguzo huvikwa bati ili kucha zisipate pa kushika. Waya ukipakwa grisi, siafu nao hukwama. Kwa kuku, dawa ni sakafu ngumu na mlango wenye komeo. Kumtegea nyama yenye sumu si dawa: huweza kuua mbwa na tai kabla ya kumfikia mhusika.

Katika ile kaya, mizinga sasa ni ya masanduku, minne, inaning'inia kwenye nguzo za mkaratusi kando ya migomba. Mmoja wa wajukuu walioitwa asubuhi ile kuangalia gogo ndiye mwenye mji. Waya anaoutumia ni wa breki za baiskeli. Bati la nguzo ya mwisho, iliyo karibu na msitu, limechakaa kwa mikwaruzo, mitano mitano, hadi urefu wa goti.