Samaki wa Maji Baridi

Ukifika Nyeri, panda mpaka mto Gura, ushukao kwa kasi toka milima ya Nyandarua. Tia mkono majini: baridi yauma! Humo hukaa trauti, samaki ambaye mayai yake yaliletwa toka Uskoti mwaka 1905. Maji yakizidi digrii 20 huanza kutaabika. Kwa nini? Maji yenye joto hushika hewa kidogo, na mwili wake ukipata joto hutaka hewa nyingi zaidi. Basi hutweta, huacha kula. Yakipita 25 aweza kufa. Miti ya ukingoni hukinga jua. Basi, baba na mama, kabla ya kushika shoka kando ya mto wenu, mkumbukeni kiumbe huyu wa Mungu.