Mwendo wa Polepole Kupanda Newala

Anayetoka Masasi kwenda Newala huanza safari yake kwa kuyapa mgongo majabali. Milima ya mawe ya Mkomaindo na Mtandi hubaki nyuma, na mbele, upande wa kusini-mashariki, hujitokeza ukuta mrefu wa samawati. Huo ndio ukingo wa nyanda za juu za Makonde, na mji wa Newala umekaa juu yake. Safari ni ya kilomita zipatazo 70. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, aliipita nchi hii kwa miguu pamoja na wapagazi wake, kutoka Lindi hadi Masasi, kisha Newala. Sisi tuliipita Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba tukiwa wawili, katibu wa kamati ya msikiti na ustadhi wa madrasa, juu ya pikipiki mpya yenye injini ya cc 200.

Pikipiki hiyo ni mali ya msikiti. Vijiji tunavyovihudumia viko mbali, na njia zake ni za mchanga mwingi, ambao pikipiki ndogo huzama ikiwa imepakia mgonjwa. Basi baada ya fedha za korosho kulipwa, waumini walichanga. Wa kwanza kutoa alikuwa bibi mmoja mjane, aliyeweka nadhiri ya mavuno ya mikorosho yake mitatu. Alipokuwa akikabidhi fedha hizo alituambia maneno machache tu: "Wanangu, msiiharibu."

Pale Masasi fundi alituweka chini akatupa somo. Injini mpya, alisema, ndani yake bado haijazoeana. Ringi za pistoni na kuta za silinda zinasuguana kwa mara ya kwanza, na msuguano huo ndio unaozilainisha hata zikakaa sawasawa. Ukiipiga resi kali mapema, joto huzidi na kuta hukwaruzika. Injini hiyo itakula oili maisha yake yote. Lakini pia usiibembeleze kwa mwendo mmoja usiobadilika. Panda gia, shuka gia, mwendo uongezeke na kupungua, mafuta yasivutwe hadi mwisho, mzigo uwe mwepesi, na ikipata joto ipumzishwe. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa sababu hubeba chembe za chuma. Breki nazo hazijashika vizuri, na matairi mapya huteleza. Vijana waliosimama karibu walicheka. Walidai kwamba pikipiki isiyokimbizwa siku ya kwanza hubaki nzito milele. Fundi hakubishana nao, alitukabidhi funguo.

Tulisoma dua ya kupanda kipando, tukaondoka. Tulikuwa tumekwenda kilomita kama 20, katikati ya mashamba ya mikorosho, simu ilipolia. Yule bibi mjane amefariki alfajiri. Maziko ni baada ya sala ya Adhuhuri, kijijini kwake, mbele ya mji wa Newala. Ilikuwa yapata saa tano na nusu.

Ustadhi alikuwa ndiye anayeendesha. Tulisimama chini ya mkorosho, tukatazamana. Chini yetu kulikuwa na nguvu ambazo hatujawahi kuzimiliki. Kuvuta mafuta kidogo tu kungetufikisha. Sheria inatuhimiza kuharakisha maziko, na maiti ana haki juu ya ndugu zake kusaliwa. Kwa upande mwingine, chombo kile ni amana ya watu wengi, naye marehemu ni mmoja wao. Tena mwaka uliotangulia tulimzika kijana wa safu yetu ya mbele, aliyeteremka mlima kwa kasi akishindana na wenzake. Tulipiga simu tukawaambia wafiwa: msitungoje.

Mlimani injini ilianza kutoa joto kali. Tukasimama kwenye kona yenye kivuli, tukaizima, tukangoja. Chini yetu bonde lilikuwa limetandaa. Mtu akifika Newala mjini, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huiona nchi ikianguka ghafla hadi kwenye bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Uzuri huo una gharama yake. Ardhi ya juu ni ya mchanga, maji ya mvua huzama, na chemchemi ziko mabondeni. Kwa miaka mingi kina mama wa Newala waliteremka na kupanda milima hii na vyombo vya maji kichwani. Marehemu alikuwa mmoja wao. Yeye alijua kuliko sisi kwamba mlima haupandwi kwa pupa.

Tulifika kijijini saa nane na robo. Watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini, mikono yao ikiwa bado na udongo. Tulitia udhu, tukasimama mbele ya kaburi, tukamsalia. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali juu ya kaburi la mtu aliyekuwa akifagia msikiti, baada ya kuambiwa kwamba amekwisha kuzikwa. Kwa hilo tulipata faraja, ingawa macho hayakukauka. Mjukuu wake alitusogelea akasema, "Bibi usiku aliuliza kama pikipiki imefika." Hatukuwa na jibu. Tulimwonyesha tu pale ilipoegeshwa, chini ya mwembe, imejaa vumbi.

Hatudai kwamba tulichagua bila maumivu. Wapo waliotulaumu, na lawama yao ina haki yake. Lakini tumejifunza kwamba amana huonekana uzito wake siku ile unapotaka kuitumia kwa jambo jema kabla ya wakati wake.

Ilipofikia kilomita 500 tulimwaga oili. Ilitoka ya kijivu, na juani ilimeremeta kwa chembe ndogondogo za chuma, kama alivyosema fundi. Tunapoandika makala hii imepita kilomita 1,000. Wiki iliyopita, usiku wa manane, ilimtoa mama mjamzito katika njia ya mchanga mzito hadi hospitali, bila kuzima wala kukwama. Amejifungua salama, mtoto wa kike, naye amepewa jina la yule bibi.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, aikubali sadaka ya mikorosho yake mitatu, na atujaalie sote kuzitunza amana tulizokabidhiwa. Amin.