Ushuhuda Usioruka Mahali pa Aibu

Lushoto,
12 Februari

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda ibadani kwa miguu. Anakusalimu sana.

Uliniuliza kwenye simu nikupendekezee vitabu gani, si riwaya, bali vya mambo ya kweli, kwa kuwa unataka kuandika na hutaki imani yako ibaki nje ya kalamu. Sikukujibu papo hapo. Nilitaka kwanza nivishushe rafuni, nivifungue upya, nione ni vipi bado vinanisemesha. Vimebaki vitano.

Nikuambie kwanza nilivyovichagua. Umekulia kanisani, shuhuda umezisikia nyingi. Mtu anasimama, anasema alikuwa mwenye dhambi, Bwana akamwokoa, watu wanapiga makofi, anakaa. Alifanya nini na alimfanyia nani, hapo ameparuka. Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Maana yake ni kulitaja jambo kwa jina lake mbele ya ndugu. Vitabu ninavyokupa ni vya watu waliotembea nuruni kwa maandishi.

Anza na Maungamo ya Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Souk Ahras, Algeria, katika bara letu hili hili. Alipokiandika alikuwa tayari askofu wa Hippo, mtu wa kuheshimiwa, na angeweza kuufunika ujana wake. Badala yake anatumia kurasa kadhaa kueleza habari za mapeasi. Alikuwa na miaka 16. Usiku yeye na wenzake waliutikisa mti wa jirani, wakabeba mzigo mzima, wakaenda kuwatupia nguruwe. Njaa hakuwa nayo, na mapeasi mazuri kuliko yale alikuwa nayo mwenyewe. Anajiuliza kwa nini, wala haachi mpaka anafika panapouma: alipenda kule kuiba kwenyewe, na peke yake asingekwenda. Mimi niliyekua na mapeasi haya yetu yanayouzwa kwa ndoo barabarani, nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza. Nilikuwa na mambo yangu niliyoyaita ya kitoto, kumbe sikuwahi kuyauliza swali hata moja.

Cha pili ni chembamba, utakimaliza kwa siku moja: A Grief Observed cha C. S. Lewis. Huyu ndiye aliyewaeleza Waingereza imani redioni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na watu walimjua kama mtu mwenye majibu. Mkewe, Joy Davidman, alifariki kwa saratani mwaka 1960. Lewis akachukua madaftari matupu yaliyokuwa nyumbani, akaandika kila lililomjia: hasira, kimya cha Mungu, hofu kwamba sura ya mkewe inamtoka. Kilichapwa mwaka uliofuata kwa jina la kubuni, N. W. Clerk, na wapo marafiki waliompendekezea akisome, wakidhani kitamfariji. Jina alilificha, maumivu hakuyapunguza. Mimi kilinikuta mume wangu ana miezi minne kaburini. Kila aliyekuja alinifundisha jinsi ya kushukuru. Lewis alinifundisha kumlilia Mungu bila kumdanganya.

Papo hapo usome Maisha Yangu cha Shaaban Robert, aliyemlilia mkewe Amina kwa Kiswahili ambacho hakijachakaa. Alikuwa Mwislamu, na hilo lisikuzuie. Ukitaka kuandika lugha yako, kaa miguuni pake ujifunze jinsi sentensi inavyoweza kuwa fupi na bado ikabeba mzigo.

Cha nne ni I Love Idi Amin cha Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda. Kitabu kilitoka mwaka huo huo, damu haijakauka, na jina lake peke yake liliwaudhi wengi. Lakini kisome. Hamsafishi Amin hata kidogo, mauaji anayataja. Ila anakiri pia kwamba chuki ilikuwa imeanza kumkausha yeye mwenyewe, na kwamba ilimbidi aitubu chini ya msalaba kama dhambi nyingine yoyote.

Nimekiacha cha mwisho kilichonigharimu zaidi: The Hiding Place cha Corrie ten Boom, kilichotoka mwaka 1971. Walikuwa familia ya mafundi saa mjini Haarlem, Uholanzi, wakiwaficha Wayahudi wasikamatwe na Wanazi, nyuma ya ukuta wa bandia chumbani kwa Corrie. Februari 1944 walikamatwa. Baba yao mzee alifia kizuizini siku kumi baadaye, na Betsie, dada yake Corrie, akafia kambi ya mateso ya Ravensbrück mwezi Desemba. Baada ya vita Corrie alikuwa Munich akihubiri msamaha, akamjia mtu aliyekuwa mlinzi wa kambi ile, akamnyooshea mkono. Mhubiri wa msamaha anaandika kwamba mkono wake uligoma. Ilibidi aombe apewe msamaha ambao hakuwa nao, ndipo ukanyanyuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo baba yako hajakuambia. Babu yako alipofariki, mimi na baba yako tuligombania shamba la bondeni, lile la migomba. Tulikaa miaka miwili bila kusemeshana, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Na miaka yote hiyo niliandika makala za upendo katika jarida la kanisa. Ukurasa ule wa mkono ndio ulioniinua kitini. Nilijitanda kanga, nikateremka mpaka kwenu. Nilipofika mlangoni, maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa yamenitoka. Baba yako alinitazama, akanivutia kigoda, akamwambia mama yako aongeze maji ya chai.

Baadaye niliiandika siku ile, wasomaji wakanisifu. Lakini nilieleza kigoda na chai, nikaruka nilichokuwa nimemwambia. Leo nakiandika: nilimwita kaka yangu mwizi, mbele ya wazee wa ukoo, kaburi la baba yetu likiwa bado bichi. Na hakuwa mwizi.

Vitabu nitavituma kwa basi la Jumamosi, ukavipokee stendi. Nimevivika karatasi za kalenda, usizivue. Katika cha Corrie utaona mstari wa penseli pembeni mwa ukurasa ule, nao usiufute. Soma na daftari mkononi. Na siku utakapoandika, ukafika mahali kalamu inataka kuruka, simama hapo hapo, uombe, kisha uandike.

Mungu akulinde.

Ni mimi akupendaye,
Shangazi yako