Garanti niliyokula ilinifunga mdomo



Wiki iliyopita, tulipomaliza mkutano, mama mmoja alinivuta pembeni na kuniuliza: "Wewe ulifanyaje hata yule mpangaji wako akatoka bila vita?" Nilimjibu haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Lakini nilipokuwa njiani nikafikiri kwamba wengi wetu tunapangisha vyumba ndani ya parseli zile zile tunamoishi na watoto. Basi leo ninaeleza yote, pamoja na makosa yangu.

Naishi hapa Bukavu, upande wa Kadutu, pale nyumba zimeshikana juu ya mlima hata ukikohoa jirani anakuambia pole. Baba wa watoto anafanya kazi Kamituga, anarudi mara mbili au tatu kwa mwaka. Nyuma ya nyumba tuna anexi ya vyumba viwili, na anexi hiyo ndiyo inayosomesha watoto. Choo ni kimoja, bafu ni moja, bomba ni moja, na wote tunapita mlango mmoja wa parseli.

Wapangaji wa kwanza walikuwa wanafunzi wawili wa chuo, watu wa kimya. Walipomaliza masomo, shemeji yangu akaniletea kijana mmoja mfanyabiashara. Kwa kuwa aliletwa na shemeji, sikuandika kitu. Tulipatana dola 35 kwa mwezi na garanti ya miezi mitatu. Alinihesabia dola 105 mkononi. Siku ile ile nililipa minervali ya watoto watatu, na zilizobaki nikanunua mabati mawili ya jikoni. Nilimshukuru Mungu, nikalala vizuri.

Sitaki kusema kwamba alikuwa mtu mbaya. Usiku mmoja mtoto wangu mdogo alishikwa na homa kali. Pikipiki hazipandi hadi kwetu, basi kijana huyo akambeba mgongoni, tukashuka naye katika matope mpaka kituo cha afya. Jambo hilo sikulisahau, na ndilo lililofanya maneno yanishinde baadaye.

Mwezi wa tatu wageni wakaanza kuja. Kwanza wawili, kisha watano, kila Ijumaa na Jumamosi. Walileta kasiksi na redio kubwa, wakakaa mpaka usiku wa manane. Mlango wa parseli ukabaki wazi. Asubuhi mimi ndiye niliyeosha choo cha watu nisiowajua. Jirani wa chini alinijia mara mbili. Kila mara nilimwambia, "Nitaongea naye." Sikuongea. Watoto wakilalamika niliwaambia: "Nyamazeni, msimkasirishe. Akidai franga zake leo, tutazitoa wapi?"

Katika wiki hizo binti yangu wa miaka 13 alibadilisha saa ya kuoga. Zamani alikuwa akioga usiku kabla ya kulala. Sasa alioga mara tu akitoka shuleni, jua likiwa bado kali. Mimi nilimsifu, nikasema mtoto wangu anakuwa msafi. Kisha asubuhi moja, nikifagia chumba chao, nikakuta ndoo chini ya kitanda. Alikuwa akijisaidia humo usiku.

Nilimkalisha karibu nami. Akaniambia: "Mama, wale wageni wa nyuma wananiita. Mmoja anasimama mbele ya choo mpaka nitoke." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akainamisha kichwa, akajibu: "Ulisema tusiwakasirishe kwa sababu ya franga."

Wamama, sikuwa na neno la kujibu. Mtoto alikuwa amenitii tu.

Ijumaa iliyofuata nilifanya kosa la pili. Nilitoka na kitenge kimoja, nikasimama kwenye mlango wa anexi na kuanza kupiga kelele mbele ya wageni wote. Kijana alinisikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nirudishie garanti yangu. Hata kesho ninatoka." Nikanyamaza palepale. Rafiki zake wakacheka. Nilirudi ndani nikafunga mlango, na usiku ule nikaelewa kwamba shida yangu ilikuwa kubwa kuliko redio. Nilikuwa nimekula pesa ya mtu, na pamoja nayo nilikuwa nimeuza haki ya kusema ndani ya parseli yangu.

Jumanne nilikwenda kwenye kikundi chetu cha AVEC. Niliona haya, lakini nilieleza kila kitu, hata habari ya ndoo. Hakuna aliyenicheka. Akiba yangu ilikuwa dola 40, na kwa kanuni yetu mtu anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Wakanipa dola 105. Wamama wawili wakasema, "Hutaenda peke yako."

Hatukwenda usiku wala mbele ya wageni. Tulingoja Jumapili baada ya ibada, akiwa peke yake. Tulikuwa na mkubwa wa nyumba kumi na shefu wa avenyi. Kwanza nilimshukuru kwa usiku ule wa homa. Kisha nikamwambia: "Kijana wangu, garanti yako iko. Nahitaji chumba changu, kwa sababu binti yangu anaogopa kwenda choo cha kwao." Sikumtukana. Mama mmoja akaeleza yaliyompata mtoto. Kijana alishika kichwa, akasema hakujua. Kama ni kweli au si kweli, sikubishana naye.

Shefu alitukumbusha kwamba mwenye nyumba hawezi kutupa nje vitu vya mpangaji kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakikosa kupatana, njia ni tribinale. Sisi tulipatana. Tuliandika karatasi: atatoka mwisho wa mwezi unaofuata, tangu siku ile hakuna mgeni kulala wala kukaa baada ya saa mbili ya usiku, garanti atapewa siku ya kurudisha ufunguo. Wote tukatia sahihi. Mpaka alipotoka, mmoja wa wale wamama alikuwa akipita kwangu kila Ijumaa jioni, eti kuomba chumvi. Wageni walimwona, wakapungua.

Siku ya ufunguo tulikagua chumba pamoja. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika. Tulikata dola 5 mbele yake, akapokea 100, akaniaga vizuri. Shemeji ndiye aliyekasirika. Hatukusalimiana kwa miezi. Chumba kilikaa bila mtu miezi miwili. Deni la AVEC nililimaliza kwa miezi minne, na katika miezi hiyo tulikula bugali na sombe bila hata sambaza. Lakini wiki ile ile kijana alipotoka, binti yangu alirudi kuoga usiku.

Sasa ninafanya hivi. Garanti si pesa yangu. Ninaipeleka koperative siku ile ile, na siigusi hata minervali ikidaiwa. Sipokei zaidi ya miezi mitatu, kwa maana sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kukaa inaweka mpaka huo, tena garanti kubwa inatamanisha kuliwa. Kila mpangaji, hata akiletwa na ndugu wa damu, anasoma karatasi kabla ya kuingiza kitanda: wageni, saa ya kufunga mlango wa parseli, zamu ya choo, umeme, na jinsi ya kuagana. Tunasaini mbele ya mkubwa wa nyumba kumi. Jambo likianza kuharibika, ninasema mara ya kwanza, mchana, tukiwa wawili, kabla halijawa kubwa.

Na jioni moja moja ninawauliza watoto: "Huko nyuma kukoje?" Kisha ninanyamaza, ninawaacha waseme.

Mama unayesoma hapa, kama una mpangaji ndani ya parseli, nenda leo uangalie garanti yake iko wapi. Kama umeila, usione haya. Njoo kwenye kikundi tuongee, tutafute namna ya kuirudisha kidogo kidogo kabla hujaihitaji. Mimi nilisaidiwa na wengine, na siku ikifika nitakuja kwako Ijumaa jioni kuomba chumvi.